Imefia hatua gani? Utatuzi wa matatizo ya RAM kwenye miradi mikubwa ya picha za droni

Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa wapimaji na mafundi wa ramani wa Arusha na Moshi ni hili: "Kaka, niongeze RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta) ya ngapi?" Muulizaji ameshapiga picha elfu moja na ushee za shamba la kahawa kule Usa River, au za mteremko wa Kibosho, akaziingiza jioni kwenye programu inayogeuza picha kuwa ramani, akalala. Asubuhi anakuta kazi imekufa, na mteja anaulizia ramani yake.

Kabla ya kujibu kuhusu RAM huwa nauliza: imefia hatua gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama dawa ni kununua, kupunguza, kugawa, au kufuta picha tano tu. Wapo wanaotumia fedha nyingi kwa tatizo ambalo lingeondoka kwa kubadili mstari mmoja wa mipangilio. Wapo pia wanaoshusha ubora wa kila kitu hadi ramani haifai tena, wakati iliyolemewa ilikuwa hatua moja peke yake. Mwongozo huu unafuata hatua hizo. Mifano mingi ni ya OpenDroneMap, na WebODM inayoiendesha kupitia kivinjari, kwa sababu ni za bure na wengi huanzia hapo. Watumiaji wa Metashape na COLMAP, programu nyingine za kazi hiyohiyo, nitawagusa inapobidi.

## Folda ndogo, mzigo mkubwa

Picha ya megapikseli 20 ina pikseli 5472 kwa 3648. Kwenye kadi ya droni imekaa kama JPEG ya MB 8 hivi, lakini hiyo ni picha iliyobanwa, na programu haiwezi kuipigia hesabu ikiwa imebanwa. Ikishafunguliwa, kila pikseli inachukua baiti tatu, na picha ileile inafika MB 60 ndani ya RAM. Ikigeuzwa kuwa namba za desimali za baiti nne kwa kila rangi, inafika MB 240. Prosesa yenye viini nane ikifungua picha nane kwa mpigo, karibu GB 2 zimekwenda kabla hata ya kazi yenyewe kuanza. Ndiyo maana kusema "folda yangu ina GB 9 tu na mashine ina GB 16" hakukupi uhakika wowote.

Baada ya hapo picha zinapitia mlolongo. Programu inatafuta alama bainifu kwenye kila picha, inaoanisha picha zenye alama zinazofanana, inakokotoa kamera ilikuwa wapi kila ilipopiga, inajenga wingu zito la nukta, inasuka wavu wa umbo la pande tatu na kuuvisha picha, kisha inatoa modeli ya mwinuko na othofoto (picha moja ya eneo zima iliyonyooshwa kama ramani). Kila hatua ina namna yake ya kula RAM. Kutafuta alama hula kulingana na picha zinazoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Kukokotoa kamera hula kulingana na jumla ya picha zote. Wingu la nukta hula kulingana na ubora uliouchagua. Othofoto hula kulingana na ukubwa wa eneo na udogo wa pikseli. Ukikariri tofauti hizo nne, nusu ya utatuzi umeshaumaliza.

## Kwanza hakikisha ni RAM kweli

Kazi iliyokufa usiku si lazima iwe imeuawa na uhaba wa RAM. Umeme ukikatika kwa dakika mbili na mashine haina UPS (betri ya akiba), asubuhi unaweza kuikuta imejiwasha upya na kazi haipo. Kwenye Linux andika `uptime`. Kama mashine inasema imewaka kwa saa tatu tu wakati uliiacha tangu jana, usihangaike na RAM. Kisha `df -h`: diski iliyojaa nayo huua kazi, na mradi mkubwa huacha mafaili ya kati yenye ukubwa mara nyingi zaidi ya picha zenyewe.

Kama vyote viwili ni salama, tafuta alama ya muuaji. Kontena ya Docker (kisanduku ambamo OpenDroneMap huendeshwa) iliyofungwa kwa namba 137 imeuawa kwa nguvu: 137 ni 128 jumlisha 9, na 9 ni namba ya amri ya kuua ambayo programu haiwezi kuikataa. Kwenye Linux thibitisha hivi:

```
sudo dmesg -T | grep -i "killed process"
```

Ukiona jina la programu yako na saa inayolingana, ni kernel (moyo wa mfumo) iliyoiua baada ya RAM kuisha. Kwenye Windows fungua kitabu cha matukio ya mfumo (Event Viewer) na utafute tukio namba 2004 kutoka Resource-Exhaustion-Detector. Litakutajia hata programu zilizokuwa zinakula kumbukumbu zaidi.

Jambo la mwisho kabla ya kugusa mpangilio wowote: soma logi (orodha ya yaliyotokea ambayo programu huiandika) kutoka chini kwenda juu hadi upate jina la hatua ya mwisho iliyoanza bila kumalizika. Liandike kwenye karatasi. Hilo ndilo litakalokupeleka kwenye kifungu sahihi hapa chini.

## Mashine ina GB 32 lakini kazi inakufa kama ina 16

Hii ni ya watumiaji wa Docker ndani ya Windows, na ndiyo ninayoiona zaidi kwa watu wanaoanza. Docker huko huendeshwa ndani ya WSL2, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows, ambayo kwa kawaida hupewa nusu tu ya RAM ya mashine. Dirisha la Windows linakuonyesha GB 14 ziko wazi, wakati ndani ya WSL2 mambo yameshakwisha. Angalia kwa `docker stats` huku kazi ikiendelea: safu ya kumbukumbu inaonyesha kiasi kinachotumika na kikomo chake.

Kama kikomo ni kidogo kuliko ulichonunua, tengeneza faili linaloitwa `.wslconfig` ndani ya folda yako ya mtumiaji, uandike:

```
[wsl2]
memory=26GB
swap=32GB
```

Hapo `swap`, au swapu, ni nafasi ya diski inayotumika kama RAM ya akiba. Kisha funga kila kitu, toa amri `wsl --shutdown`, na uwashe Docker upya. Iachie Windows angalau GB 5 au 6 za kupumulia. Ukiipa WSL2 yote, mashine nzima itaganda na utalazimika kuizima kwa kitufe. Kwenye Mac kikomo hicho kipo ndani ya mipangilio ya Docker yenyewe, upande wa rasilimali.

Fanya hili kabla ya kufikiria kununua chochote.

## Inakufa wakati wa kutafuta alama au kuoanisha

Dalili: kazi inakufa ndani ya saa ya kwanza, na grafu ya RAM inapanda na kushuka kama meno ya msumeno kabla ya kufika kileleni. Sababu ya kwanza ni viini vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja. OpenDroneMap hutumia viini vyote vya prosesa isipoambiwa vinginevyo, kwa hiyo mashine yenye viini 16 na GB 16 za RAM inabeba mzigo mzito kuliko yenye viini vinne na RAM ileile. Kwenye mipangilio ya kazi weka `--max-concurrency 4`, au hata 2. Naipenda dawa hii kuliko zote kwa sababu haigusi ubora wa ramani hata kidogo. Unacholipa ni muda.

Sababu ya pili ni wingi wa alama. Alama moja ya aina ya SIFT hubeba namba 128. Alama 10,000 kwa picha, kila namba ikiwa baiti nne, ni MB 5 hivi. Ukipandisha `--min-num-features` hadi 40,000 inakuwa zaidi ya MB 20 kwa picha moja, na kwa picha elfu moja ni GB 20 za alama tupu. Watu wa Moshi hupandisha namba hii kwa sababu ya migomba. Jani la mgomba linatikisika kwa upepo, picha mbili zinazofuatana hazilioni mahali pamoja, programu inalalamika kwamba picha hazioani, na fundi anaongeza alama. Wakati mwingine inasaidia. Lakini kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) kilichofunikwa na migomba na kahawa chini yake, dawa bora huanzia hewani: ruka juu zaidi, ndani ya urefu ulioruhusiwa kwenye kibali chako, na uongeze mpishano, yaani kiasi ambacho picha jirani zinafunika eneo lilelile. Ukiwa juu, mtikisiko wa jani unakuwa mdogo ndani ya picha, kila picha inashika mapaa na njia nyingi zaidi, na idadi ya picha kwa eka inapungua.

Sababu ya tatu ni picha zilizopoteza GPS. Bila mahali, programu haijui picha ipi ni jirani ya ipi, na inaweza kulazimika kulinganisha kila picha na kila picha. Picha 1,000 ni jozi 499,500; picha 2,000 ni jozi 1,999,000. Ukiongeza picha mara mbili, jozi zinaongezeka mara nne. Mara nyingi GPS hupotea pale mtu wa uwandani anapomtumia mwenzake wa ofisini picha kupitia programu za kutumiana ujumbe, au anapozipunguza ukubwa kwa programu inayofuta maelezo ya ndani. Zihamishe kwa kadi au kwa diski ya nje, zikiwa zilevile zilivyotoka kwenye droni.

Kama bado inalemewa, shusha `--feature-quality` kutoka `high` hadi `medium`. Hilo lina gharama kwenye usahihi wa mahali pa kamera, kwa hiyo naliweka mwisho.

## RAM inapanda polepole, haishuki, hadi inakatika

Hapa umefika kwenye kukokotoa kamera zote kwa pamoja. Kila picha mpya inaongeza kamera moja na maelfu ya nukta kwenye hesabu ileile, na hesabu hiyo haigawanyiki kirahisi kati ya viini. Kupunguza `--max-concurrency` hakutakuokoa hapa. Kuna njia mbili: punguza picha, au gawa mradi.

Anza na kupunguza, kwa sababu miradi mingi ina picha zisizohitajika. Hesabu ya mpishano inashangaza wengi. Ukiruka kwa asilimia 80 mbele na 80 pembeni, kila picha inaleta asilimia 20 mpya kwa kila upande. Ukishuka hadi 75 mbele na 70 pembeni, kila picha inaleta 25 kwa 30, na mradi wa picha 1,000 unakuwa wa picha 530 hivi kwa eneo lilelile. Kwa shamba la mpunga kule Lower Moshi au viwanja vitupu, hiyo inatosha kabisa. Kwa migomba haitoshi, kama nilivyosema.

Mteremko nao huzaa picha za ziada. Ukiruka kwa urefu uliopimwa kutoka mahali pa kupaa, ukielekea upande wa mlima ardhi inakukaribia, kila picha inafunika eneo dogo, na mpishano unavunjika. Wengi hujibu kwa kuongeza mpishano wa mradi mzima, na upande wa chini wa shamba unajaa picha zinazorudiana. Tumia safari inayofuata umbo la ardhi kama droni yako inaweza, au gawa shamba katika ngazi mbili tatu na upae upya kwenye kila ngazi.

Ondoa pia picha za kupaa na kutua, picha zilizopigwa droni ikiwa imesimama hewani, na zenye ukungu wa mwendo.

### Kugawa mradi

Ukishapunguza na bado ni nyingi, gawa. OpenDroneMap hufanya hivyo yenyewe:

```
--split 300 --split-overlap 100
```

Namba ya kwanza ni wastani wa picha kwa kila kipande, ya pili ni mita za mpishano kati ya vipande. Sikiliza hapa vizuri: picha za eneo la mpishano zinaingia kwenye vipande vyote viwili, kwa hiyo kipande cha "300" kinaweza kubeba picha nyingi kuliko hizo. Kama mashine yako inaweza 300 kwa taabu, andika 200. Kugawa kunategemea GPS ya picha. Bila GPS vipande havijui vikae wapi.

Tatizo la kweli la kugawa huonekana baadaye, kwenye mwinuko. Kila kipande kinakokotolewa peke yake, na GPS ya kawaida ya droni hukosea mita kadhaa kwa wima, kwa hiyo vipande viwili vinaweza kukutana vikiwa vimepishana kwenda juu. Kwenye othofoto hutaona sana. Kwenye mistari ya kontua utaona ngazi ambayo shambani haipo, na mhandisi wa mfereji akiifuata atapotea. Kama kazi inahitaji mwinuko, tumia droni ya RTK (yenye GPS inayosahihishwa hadi sentimita) au weka nukta za udhibiti ardhini (alama ambazo mahali pake pamepimwa kwa usahihi), na uhakikishe kila kipande kina nukta zake za kutosha. Nukta tano zilizorundikana kona moja ya mradi hazitasaidia kipande cha upande wa pili.

Ukigawa kwa mkono, jambo ambalo watumiaji wa Metashape hulifanya kwa kuunda vipande ndani ya mradi mmoja, chagua mpaka wenye vitu visivyotikisika: barabara, mapaa, uzio. Usikate katikati ya migomba, wala ndani ya bonde la mto kama Karanga au Weruweru, ambako miti na kivuli hufanya nukta za pande zote mbili kuwa dhaifu.

Kwa mwongozo wa jumla, nyaraka za OpenDroneMap zinataja picha 250 kwa GB 16, 500 kwa GB 32, 1,500 kwa GB 64 na 2,500 kwa GB 128, RAM na swapu zikijumlishwa. Zichukue kama pa kuanzia. Picha za megapikseli 45 zitakula zaidi ya za 12. Kwenye kazi za picha za karibu nako idadi ya picha pekee haitakuambia ukweli. Kwenye uchimbaji wa nyayo za kale kule Laetoli, Ngorongoro, ambako nyayo za Eneo S zilizochapishwa 2016 zilinakiliwa kwa njia hii ya picha, kinachopigwa picha ni sakafu ya mita chache tu, lakini kila milimita inatafutwa na kila pikseli inahesabiwa.

## Inakufa kwenye wingu zito la nukta

Hapa ubora uliouchagua ndio mwamuzi. `--pc-quality` ina ngazi tano, na kila ngazi unayopanda inaongeza kazi mara nne hivi. Metashape ina ngazi zake zinazofuata kanuni ileile: ngazi ya juu kabisa hutumia picha kwa ukubwa wake halisi, na kila unaposhuka, upana na urefu wa picha hugawanywa kwa mbili, yaani pikseli zinagawanywa kwa nne. Mtu anayechagua ngazi ya juu kabisa kwa ramani ya mipaka ya shamba anajitesa bure. `medium` inatosha.

Kuna dalili moja inayopoteza watu: RAM ya mashine iko wazi nusu nzima, lakini ujumbe unasema kumbukumbu imekwisha. Soma tena ujumbe huo. Ukitaja CUDA, iliyoisha ni kumbukumbu ya kadi ya michoro, na kuongeza RAM ya mashine hakutabadilisha chochote. Fuatilia kwa `nvidia-smi`. Kwenye OpenDroneMap unaweza kuizuia isitumie kadi kwa `--no-gpu`. Kwenye COLMAP punguza ukubwa wa picha kwa `--PatchMatchStereo.max_image_size`. COLMAP ina mtego mwingine pia: `cache_size` ya hatua hii na ya kuunganisha nukta huja ikiwa imewekwa GB 32. Kwenye mashine ya GB 16, ishushe mwenyewe kabla hujaanza.

Wavu na kuuvisha picha sitauzungumzia sana. Kama mteja hataki modeli ya pande tatu, weka `--skip-3dmodel`. Kama anaitaka, shusha `--mesh-octree-depth` kutoka 11 hadi 10.

## Imepita kote, inakufa mwishoni kabisa

Hii ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu umeshasubiri usiku mzima. Na ndiyo ambayo watu hutibu vibaya: wanarudi mwanzo na kushusha ubora wa alama, wakati alama hazihusiki.

Modeli ya mwinuko na othofoto ni majedwali ya pikseli, na ukubwa wake hutegemea vitu viwili tu. Kilomita moja ya mraba kwa pikseli ya sentimita 5 ni pikseli 20,000 kwa 20,000, yaani milioni 400. Kwa baiti nne kila moja ni GB 1.6. Eneo hilohilo kwa sentimita 2 ni 50,000 kwa 50,000, pikseli bilioni 2.5, GB 10. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama uliomba pikseli ndogo kuliko unayohitaji. Angalia pia kama umewasha `--ignore-gsd`. Kwa kawaida programu hukadiria ubora halisi wa picha zako na kukataa kutoa ramani yenye pikseli ndogo kuliko huo. Ukiiwasha hiyo unaondoa breki, na unapata faili kubwa lisilo na maelezo yoyote mapya. Izime.

Swali la pili ni ukubwa wa eneo, na hapa ndipo milima yetu inapoingia. Fundi anapiga picha za wima za shamba, kisha mteja anaomba chache za kupendeza: droni inainua kamera, Kilimanjaro inatokea nyuma ya kahawa na kilele chake kikiwa wazi, au Meru upande wa Arusha. Picha hizo zinabaki kwenye kadi ileile, na kazi ikianza zinaingia pamoja na zingine. Programu haijui kwamba mlima si sehemu ya kazi. Inatafuta alama kwenye vilima vya mbali na miti ya upeo wa macho, inaoanisha baadhi, na kuweka nukta kilomita kadhaa nje ya shamba. Nukta hizo ni chache, hutaziona hata kwenye wingu ukiwa umekaribia. Lakini jedwali la mwinuko lazima lianzie nukta ya kwanza na liishie ya mwisho. Shamba la kilomita moja ya mraba linakuwa eneo la kilomita tano kwa tano: pikseli 100,000 kwa 100,000 kwa sentimita 5, bilioni 10, GB 40 kwa tabaka moja la mwinuko. Hakuna laptopu itakayobeba hilo.

Kugundua ni rahisi. Fungua wingu la nukta na urudi nyuma hadi uone lote. Likionekana kama kijidoa kidogo katikati ya uwanja mtupu wenye vumbi pembeni, umepata mhalifu. Picha moja yenye GPS mbovu, iliyopigwa kabla droni haijapata satelaiti za kutosha, inaweza kuleta uharibifu wa aina hiyohiyo. Ndiyo maana hatua hii wakati mwingine huponywa kwa kufuta picha tano.

Kama hutaki kurudia kazi yote, washa `--auto-boundary`, inayochora mpaka kuzunguka mahali kamera zilipopigia, au toa mpaka wako mwenyewe wa GeoJSON kwa `--boundary`. Kisha endelea kuanzia kuchuja nukta:

```
--rerun-from odm_filterpoints --auto-boundary
```

Kwenye WebODM chagua kuanza upya kutoka hatua hiyo kwenye menyu ya kazi. Mafaili ya kati lazima yawepo bado; kama uliwasha `--optimize-disk-space` yameshafutwa, na hakuna njia ila kuanza mwanzo. Kwa mradi mkubwa usiiwashe kama diski inaruhusu.

Kwa safari zijazo, picha za mlima zipige baada ya kazi, na uziweke folda yake kabla hujaondoka shambani.

## Haifi, lakini haisogei

Taa ya diski inawaka muda wote, prosesa iko asilimia 5, na asilimia ya kazi imeganda tangu alfajiri. RAM imekwisha na mashine inahamishia kurasa kwenye swapu. Endesha `vmstat 5` na uangalie safu za `si` na `so`. Zikibaki na namba kubwa mfululizo, ndivyo ilivyo.

Swapu si adui. Kwenye hatua zenye kilele kifupi, kwa mfano dakika kumi za mwisho za kuunganisha nukta, huokoa kazi ambayo ingekufa. Lakini iwe kwenye SSD. Kwenye diski ya kuzunguka, hesabu ya kamera inaweza kuchukua siku bila kufika popote. Kwenye Linux unaongeza hivi:

```
sudo fallocate -l 32G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Kama mashine inabaki kwenye swapu kwa saa nyingi za hatua ileile, simamisha kazi ugawe mradi. Utamaliza mapema kuliko kusubiri.

## Kununua au kukodi

Ukishapita yote hayo na miradi yako bado ni mikubwa, nunua. Kabla hujaenda dukani, `sudo dmidecode -t memory` itakuambia kuna nafasi ngapi, zimejazwa ngapi, ni ya aina gani (DDR3, DDR4 au DDR5), na mashine inabeba kiasi gani kwa juu kabisa. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Kwa fedha ileile, kompyuta ya mezani iliyotumika yenye nafasi nne za RAM itakupeleka mbali zaidi.

Kukodi seva ya GB 128 kwa siku moja nako kunafaa kwa mradi mmoja mkubwa, ila piga hesabu ya kupandisha picha. Picha 1,200 za MB 8 ni GB 9.6. Kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10 ni zaidi ya saa mbili. Kwa Mbps 2 ni karibu saa kumi na moja. Pima kasi ya kupandisha, maana inayotangazwa kwenye vifurushi mara nyingi ni ya kushusha.

## Inafia mahali tofauti kila mara

Kama picha ni zilezile na mipangilio ileile, lakini leo imefia kwenye alama, kesho kwenye wavu, keshokutwa imemaliza, usiendelee kubadilisha mipangilio. Angalia namba ya kufunga: 139, yaani 128 jumlisha 11, inamaanisha programu imegusa kumbukumbu isiyostahili, na hiyo ni tofauti na 137. Ikitokea bila mpangilio, shuku kijiti cha RAM chenyewe, hasa kama umekiongeza juzi kando ya kijiti cha zamani chenye kasi tofauti. Weka Memtest86+ kwenye flashi, washa mashine kutoka hapo, na uiache ipime usiku mzima. Hitilafu hata moja inatosha kukikataa. Kisha chomoa vijiti vyote, pima kimojakimoja kwenye nafasi ileile, na kibovu kirudishe dukani pamoja na risiti na picha ya kioo inayoonyesha hitilafu.